Bwawa, Dishi na Kisanduku

Katika mwaka 2024, mavuno yakiwa yamekwisha na upepo wa Julai ukitupulizia vumbi la huku kwetu Ugogo, mwanangu aliyeko Dar es Salaam alinitumia kwa basi mzigo mdogo uliozungushiwa gazeti. Ndani mlikuwa na kisanduku cheusi, ukubwa wake kama kipande cha sabuni ya kufulia, pamoja na rimoti yake. Kisanduku hicho huchomekwa nyuma ya televisheni, kikapewa intaneti, nacho kikaleta picha kutoka pembe zote za dunia. Hakikuwa cha kwanza nyumbani kwangu. Kingine cha namna hiyo nilikinunua Kariakoo mwaka 2018, nilipokwenda kushughulikia mafao yangu ya ualimu, na kikanitumikia vizuri kwa miaka sita.

Kile cha zamani hakikuharibika. Hakikuanguka, hakikuingia maji, wala hakikupigwa na radi kama ilivyotokea kwa jirani yangu. Taa yake ndogo ya bluu iliendelea kuwaka kila nilipokiwasha. Ila programu zake zilianza kunikataa moja baada ya nyingine: leo hii inasema toleo lake limepitwa na wakati, wiki ijayo ile nayo inasema hivyo hivyo, mpaka nikabaki na kioo chenye picha ya milima na saa. Nilikipeleka kwa fundi pale senta. Akakifungua, akakipima, akakifunga tena, akanirudishia bila kunidai hata senti. "Mwalimu," aliniambia, "mashine yako nzima. Ni wenyewe wamekuacha."

Maneno hayo ya fundi yalinikaa moyoni kwa muda mrefu, maana mtu wa Mtera huyaelewa upesi kuliko mtu mwingine. Sisi tunaishi kando ya bwawa lililojengwa kwenye mto Ruaha Mkuu kati ya mwaka 1975 na 1980, mpakani mwa Dodoma na Iringa. Lilijengwa kwanza kwa ajili ya kutunza maji ya kuendesha mitambo ya Kidatu, huko chini, na mtambo wetu wenyewe wa megawati 80 ukaanza kazi mwaka 1988. Likijaa, kina chake hufika mita 698.5 juu ya usawa wa bahari. Likishuka hadi mita 690, mitambo haitakiwi kuendelea kuzunguka. Mashine huwa nzima, mafundi huwapo kazini, grisi imepakwa, lakini neno la mwisho si lao. Neno la mwisho liko juu ya mto, kwenye mvua za nyanda za juu na kwenye mifereji ya mpunga ya Usangu. Tangu miaka ya 1990 mto huo umekuwa ukikauka kabisa katika baadhi ya miezi ya kiangazi, huko ndani ya Hifadhi ya Ruaha, kabla haujatufikia.

Basi nikaanza kujiuliza ni vyombo vingapi vya kusikia na kuona vimepita katika maisha yangu, na ni vingapi vilikufa kwa ugonjwa wao wenyewe. Nikaona afadhali niandike.

Cha kwanza kilikuwa redio ya baba. Ilikuwa National, katika zile zilizotengenezwa hapa hapa Dar es Salaam, ikiwa na mfuko wa ngozi wenye matundu mbele. Utangazaji wa redio ulianza Dar es Salaam mwaka 1951, na kufikia 1965 tulikuwa na Radio Tanzania, ambayo kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa redio, basi. Wazee wa leo wakisema "redio imesema" hawana haja ya kutaja ni ipi. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wazima wa kijiji chetu walikusanyika kwa vikundi kuizunguka redio moja kama watu wanaoota moto, wakisikiliza habari za vyoo, mbu na maji ya kuchemsha, kisha wakajadili, kisha wakaenda kuchimba. Nchi nzima walishiriki watu wapatao milioni mbili. Mwishoni mwa 1978 tulikuwa tumeizunguka redio ile ile Mwalimu Nyerere alipolitangazia taifa kuhusu vita na Idi Amin. Baba alipofariki redio ikaenda kwa kaka yangu. Kaka alipopata kubwa zaidi ikaja kwangu. Nikiitia betri mpya hata sasa hunguruma, ikatafuta, ikashika sauti fulani ya mbali usiku wa manane. Zaidi ya miaka hamsini, na bado inarithiwa.

Televisheni hatukuwa nayo, na hili vijana hawaliamini. Ndugu zetu wa Zanzibar waliipata mapema, mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena ya rangi, wakati nchi nyingi za Afrika zikiwa bado na picha za weusi na weupe au hazina kabisa. Sisi wa Bara tuliambiwa kwamba ni anasa ya watu wa mjini, na kwamba nchi maskini ina mambo mengine ya kufanya kwanza. Nilikuwa mwalimu kijana na nilikubaliana na jambo hilo kwa moyo wote. Siku hizi nakubaliana nalo nusu. Ni kweli kwamba redio ilimfikia mkulima wa Chipogolo na televisheni isingemfikia. Lakini ni kweli vilevile kwamba wale waliokuwa na uwezo walijipatia mashine za video na kutazama walichotaka, na sisi wengine tukabaki kutetea uamuzi usiowahusu.

Hizo video zilitufikia na sisi, lakini kwa mlango wa nyuma. Ukumbi ulikuwa chumba cha udongo chenye mabenchi, jenereta ikinguruma uani, na kiingilio mlangoni. Baadaye zikaja kanda zilizotiwa maneno ya Kiswahili, na aliyetawala uwanja huo alikuwa Lufufu, ambaye hakuwa akitafsiri tu bali alitunga: Mchina akipigwa teke, Lufufu alikuwa na la kusema kuhusu ukoo wake mzima. Nilikataza wanafunzi wangu kwenda. Na mimi nilikwenda, mara mbili au tatu, nikikaa nyuma gizani karibu na mlango.

Kisha sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ikafungua mlango kwa watu binafsi, na mwaka 1994 vituo vya kwanza vya Bara vikaonekana Dar es Salaam, ITV kikiwa kimojawapo. Televisheni ya Taifa ilikuja nyuma yao, mwaka 2000. Katika miaka hiyo picha zilipanda bara polepole, mji baada ya mji, mlingoti baada ya mlingoti, na Dodoma ikafikiwa.

Dada yangu mkubwa alikuwa akiishi Dodoma mjini, maeneo ya Chang'ombe. Alikuwa akiuza samaki wa kukaanga, perege na kambale nilizokuwa nikimtumia kwa basi kutoka bwawani. Kwa fedha hiyo ya samaki alinunua televisheni ndogo ya inchi kumi na nne, ile ambayo leo watoto huiita ya chogo, na akasimamisha antena juu ya mti mrefu uliofungwa ukutani kwa waya. Sebule yake ikawa ukumbi. Saa mbili usiku, wakati wa taarifa ya habari, ungekuta viatu na ndala kumi na tano mlangoni. Upepo ukivuma picha iliingia chenga, na mtoto mmoja alitumwa nje kuzungusha mti huku wa ndani wakipiga kelele: "Rudisha! Hapo hapo! Umepitiliza!" Dada alipenda Bunge kuliko tamthilia. Jengo la Bunge lilikuwa ni mwendo wa daladala tu kutoka kwake, na hakuwahi kuingia; lakini aliwajua waheshimiwa kwa sauti na kwa suti zao, na aliwakaripia kwa majina.

Nilikuwa kwake mwanzoni mwa mwaka 2006, wakati wa ukame ule mkali na mgawo wa umeme. Umeme ulikuwa umerudi kwa saa chache, sote tukakimbilia habari, na mara nikaona nyumbani. Kwa miaka mingi nchi nzima ilikuwa imelisikia jina la Mtera redioni kila umeme ulipokatika: kina cha maji Mtera kimefikia kadhaa. Lakini nilikuwa sijapata kuliona kwa picha. Kulikuwa na matope yaliyopasuka kama kande zilizoungulia chini ya sufuria, mitumbwi imelala ubavu, na visiki vya miti iliyozama zamani vimetoka tena juani. Mtangazaji alieleza hasara kwa viwanda. Dada akanigeukia. "Mbona hawakumuuliza hata mvuvi mmoja?" Sikuwa na jibu. Huku kijijini kwetu siku hizo nyaya kubwa zilipita juu ya vichwa vyetu kuelekea mijini, na sisi tuliwasha vibatari. Mgawo wa umeme tuliusikia kama mtu anavyosikia habari za njaa ya ng'ambo.

Mimi nilipata picha yangu mwaka 2009. Nilinunua dishi la futi sita na risiva yake, paneli ya jua, na betri ya gari. Dishi lile lilikuwa likitazama angani, halikuhitaji mlingoti wa mtu, na vituo vya nyumbani vilikuja bure kabisa. Kuku walilala chini yake mchana. Nilijiona nimefika.

Sasa nafika mahali ambapo nilitamani kupita haraka, lakini nitapita polepole.

Mataifa yalikuwa yamekubaliana huko Geneva mwaka 2006 kwamba ifikapo tarehe 17 Juni 2015 mitambo ya zamani ya analojia iwe imezimwa na watu wahamie dijitali. Sababu zake ni za maana: mahali palipopita kituo kimoja pa zamani panaweza kupita vituo vingi vya dijitali, na nafasi inayobaki angani ikapewa simu na intaneti. Tanzania haikungoja. Ilianza kuzima Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, ikiwa miongoni mwa nchi za kwanza kabisa katika sehemu hii ya Afrika, na Dodoma ikafuata mwezi wa Januari 2013. Aliyetaka kuendelea kuona alipaswa kununua king'amuzi. Neno lenyewe lilikuwa jipya. Baadaye wakasema kisimbuzi, na wote wawili tumewazoea. Kwa wenye nafasi lilikuwa jambo la siku moja. Kwa mama muuza samaki lilikuwa jambo jingine.

Dada alinipigia simu. "Mdogo wangu, wamenizimia." Nikamweleza yote niliyoandika hapo juu, habari za Geneva na za anga, kama mwalimu. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kama ningeweza kumsaidia king'amuzi, atarudisha kidogo kidogo kwa samaki. Nikamwambia: "Subiri dada, mambo yakikaa sawa." Mambo yalikuwa sawa. Mwezi ule ule nilikuwa nimebadilisha betri yangu na kuongeza paneli ya pili, kwa sababu ile ya kwanza ilikuwa ikizimika kabla habari za usiku hazijaisha. Tazama mpindo huo, msomaji: mimi niliyekaa porini, na dishi langu, sikuguswa na zoezi lile hata kidogo. Yeye wa mjini, karibu na Bunge, ndiye aliyebaki na chenga.

Hakuuliza tena. Hakuwa mtu wa kuuliza mara mbili. Nilipomtembelea katikati ya mwaka ule sikuona ndala mlangoni. Televisheni ilikuwa mahali pake, imefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma, na juu yake kulikuwa na mkebe wa dawa zake za presha. Tulikaa tukala ugali na mlenda, tukazungumza habari za shamba. Nilikiona kile kitambaa muda wote. Alifariki Mei 2014. Hata yale matangazo ya Bunge moja kwa moja aliyoyapenda, televisheni ya taifa iliyaacha mwaka 2016. Wakati mwingine najaribu kujifariji kwa hilo, na si faraja yoyote.

Yaliyofuata yalikwenda mbio. Mwishoni mwa 2013 Azam ilileta dishi dogo, na vijiji vyetu vikavaa madishi kama kofia. Mwaka 2018 mamlaka ya mawasiliano iliagiza ving'amuzi kadhaa vya kulipia viache kubeba vituo vya bure vya nyumbani, kwa kuwa leseni zao hazikuwaruhusu, na kwa mara nyingine watu wakaamka wakakuta yaliyokuwepo jana hayapo leo. Ndipo nami, kwa hasira, nikanunua kile kisanduku cha Kariakoo.

Vyombo hivi vya kuleta picha kwa intaneti si vya zamani. Apple walitoa chao mwaka 2007, Roku wakafuata 2008, na Google wakatoa Chromecast, kipande kidogo cha kuchomeka, mwaka 2013. Kwetu havikuwa na maana mpaka njia ipatikane. Nyaya za chini ya bahari zilifika Dar es Salaam mwaka 2009, na Mkongo wa Taifa ukaanza kutandazwa kuingia bara, sehemu ya nyuzi zake zikipitishwa juu ya nguzo zile zile za umeme. Netflix ilifungua milango yake kwetu na kwa nchi nyingine zaidi ya mia Januari 2016. Kazi ya kupitisha picha namna hii wenye lugha wameiita kutiririsha, na kwa mtu aliyezeeka kando ya mto ni neno la haki kabisa. Picha haikai ndani ya kisanduku. Inatiririka, ikipita; anayefunga lango juu ndiye anayeamua utakunywa au hutakunywa. Mwaka 2024 Google wenyewe waliacha kutengeneza Chromecast, na Machi 2025 zile za toleo la pili zilizima kwa siku kadhaa duniani kote kwa sababu cheti kilichokuwa ndani yake kilikuwa kimekwisha muda. Waya zilikuwa nzima, kama fundi wangu alivyosema.

Kisanduku kipya ni kizuri, sitasema uongo. Kinafunguka upesi, picha yake ni safi, na mjukuu wangu amekiwekea kila mtu wa nyumbani jina na picha yake, ili kila mmoja akute mambo yake. Mimi picha yangu ni simba mwenye miwani. Nilijaribu ile namna ya kukiambia kwa mdomo. Nikasema "Mtera," kikaniletea treni za chini ya ardhi za Ulaya. Mjukuu akaandika herufi kwa herufi, na bwawa likatokea: mtu fulani alikuwa amelipiga picha kutoka angani, maji yamejaa hadi milango. Bando likaisha tukiwa katikati ya ukuta. Siku hizi Mtera halitajwi sana katika habari. Lipo bwawa jipya la Mwalimu Nyerere kule Rufiji, la megawati 2,115, lililoanza kuzalisha mwaka 2024. Nalo hunywa maji ya huku kwetu, baada ya Mtera na Kidatu kuyatumia.

Basi nikabaki na kisanduku cha zamani mkononi, nikiwaza nimpe nani, maana katika ukoo wetu kitu kizima hakitupwi. Nikamkumbuka mpwa wangu, binti wa marehemu dada, anayekaa katika nyumba ile ile ya Chang'ombe. Nilipofika nikaona ujinga wangu mara mbili. Kwanza, kilichonikataa mimi kingemkataa na yeye. Pili, televisheni ya mama yake, ambayo bado ilikuwa pale, haina hata tundu la kukichomeka. Ina yale matundu matatu tu, njano, nyekundu na nyeupe.

Nikatoka, nikaenda mjini kwa muuza vyombo vya mtumba, nikanunua king'amuzi kilichotumika chenye waya wa rangi tatu, na antena fupi. Sikujadili bei. Tulihangaika nacho mpaka jua likazama, mpwa wangu akiwa nje anazungusha antena na mimi ndani nikipiga kelele peke yangu. Kioo kikatoa mlio ule mwembamba wa zamani, kikapata joto, kikawa kijivu, kisha picha ikatokea, rangi zake zimeelekea kidogo kwenye kijani, na mtu akisoma habari za saa mbili.

Mpwa wangu akaingia, akasimama nyuma ya kiti. Alikuwa bado ameshika kile kitambaa cha kufuma. Akakikunja mara mbili, akakiweka mapajani alipokaa.

"Mjomba," akasema, "kumbe siku zote ilikuwa nzima?"